Artemis Hakuwa Mungu wa Mwezi Tangu Mwanzo

Wasomaji wengi wa visasili huamini kwamba Artemis wa Wagiriki, ambaye Warumi walimlinganisha na Diana wao, alikuwa tangu mwanzo mungu wa kike wa uwindaji na wa mwezi kwa pamoja. Dhana hiyo haiafikiani na maandishi ya kale yenyewe. Katika tenzi za mshairi wa Kigiriki Homer, Artemis ni binti wa Zeus na Leto, dada yake Apollo, mwenye mishale, anayezunguka milimani akifurahia kuwinda nguruwe mwitu na kulungu. Mwezi haumo kabisa miongoni mwa sifa zake. Mwezi ulikuwa wa Selene, ambaye Hesiod, mshairi mwingine wa Kigiriki, anamtaja kuwa binti wa Hyperion na Theia, ndugu wa Helios, yaani jua, na wa Eos, yaani mapambazuko, kwa hiyo hata nasaba zao ni mbili tofauti.

Mchanganyiko ulikuja baadaye, Apollo alipoanza kuhusishwa na jua, na dada yake naye akahusishwa na mwezi. Huko Roma wazo hilo lilishika mizizi, hata mshairi Catullus, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, akamwita Diana kwa jina la Luna, mungu wa kike wa mwezi wa Warumi. Hata hivyo, na huu ndio ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi kwamba wawili hao walikuwa tofauti, Luna alikuwa na hekalu lake mwenyewe katika kilima cha Aventine, kilima kilekile ambako Diana naye alikuwa na la kwake, mpaka moto mkubwa wa mwaka 64 baada ya Kristo ulipoliteketeza hekalu hilo la Luna.