Hatia ya Ujerumani na mjadala wake kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi

Mwanzoni mwa 2024, jimbo la Berlin lilitangaza sharti jipya: msanii, jumba la maonyesho au kikundi cha tamthilia kinachoomba fedha za umma kitie sahihi kwanza tamko la kupinga kila namna ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kiongozi wa utamaduni aliyelileta sharti hilo, Joe Chialo, alizaliwa Bonn katika familia ya mwanadiplomasia wa Tanzania. Wasanii walipinga kwa barua ya wazi. Kabla Januari haijaisha, sharti liliondolewa kwa sababu ya mashaka ya kisheria.

Msomaji wa huku atauliza: nani mwenye akili timamu anakataa kupinga chuki? Lakini ugomvi haukuwa juu ya hilo. Ulikuwa juu ya nani apewe mamlaka ya kusema chuki ni ipi. Tamko lile lilifuata maelezo ya kimataifa ya 2016 kuhusu maana ya chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo serikali ya Ujerumani iliyakubali 2017, na mifano yake kadhaa inaigusa Israel. Mwaka 2021 wanazuoni wengine, wengi wao Wayahudi, walitoa Azimio la Jerusalem wakisema kwamba wito wa kuisusia Israel, peke yake, si chuki dhidi ya Wayahudi. Nchi nyingi zingeuacha mvutano huo vyuoni. Ujerumani unafika bungeni, kwenye bajeti na hata kwenye sheria za uraia, na sababu yake ni historia.

Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi milioni 6. Watu wengi hudhani Wajerumani waliungama mara tu vita vilipokwisha. Sivyo. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kimya na ya kujihurumia. Kansela Konrad Adenauer alipotia sahihi mkataba wa fidia kule Luxembourg mwaka 1952, wa kuilipa Israel mark bilioni 3, wabunge wengi wa upande wake hawakumuunga mkono. Mkataba ulipita 1953 kwa kura za wapinzani wake wa chama cha SPD. Ilibidi mwendesha mashtaka Fritz Bauer, Myahudi aliyerudi kutoka uhamishoni, awaburute watumishi wa Auschwitz, kambi kubwa ya mauaji ya Wanazi, mahakamani Frankfurt kuanzia 1963 ndipo taifa lisikie mambo yalivyokuwa. Ujerumani Mashariki nayo ilijitangaza kuwa dola ya wapinga ufashisti, ikawaachia wa Magharibi lawama yote. Bunge lake lilikuja kuomba msamaha Aprili 1990, miezi michache kabla dola hiyo haijatoweka.

Baadaye mkondo uligeuka. Kansela Willy Brandt alipiga magoti Warsaw mwaka 1970 mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa mji huo. Rais Richard von Weizsäcker aliwaambia wananchi mwaka 1985 kwamba 8 Mei 1945, siku Ujerumani iliposalimu amri, ilikuwa siku ya ukombozi. Mwaka 2005 katikati ya Berlin, karibu na lango la Brandenburg, ulifunguliwa mnara wa kumbukumbu wenye nguzo 2,711 za zege. Kukana mauaji hayo ni kosa la jinai. Na mwaka 2008 Kansela Angela Merkel aliliambia bunge la Israel kwamba usalama wa nchi hiyo ni sehemu ya msingi wa dola ya Ujerumani. Ni mataifa machache mno yaliyoiweka aibu yao mbele ya mlango wao namna hii, na kazi hiyo naiheshimu kwa dhati.

Lakini hatia ikishakuwa nguzo ya utaifa, mjadala huanza kumhusu Mjerumani mwenyewe: je, tumetakasika? Swali hilo humsukuma pembeni Myahudi anayeishi pale leo.

Wapo wanaochoka kukumbushwa. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa Frankfurt walieleza chuki ya aina yake: Myahudi huchukiwa kwa sababu uhai wake wenyewe unakumbusha Auschwitz. Björn Höcke wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, alidai mwaka 2017 kwamba sera ya kumbukumbu igeuzwe nyuzi 180. Chama hichohicho hujitangaza rafiki wa Israel na kusema kwamba chuki dhidi ya Wayahudi imeletwa na wahamiaji Waislamu. Kwamba baadhi ya wahamiaji wanayo chuki hiyo ni kweli, na kuificha ni kuwasaliti Wayahudi. Baada ya shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023, sinagogi moja Berlin lilirushiwa mabomu ya petroli. Lakini aliyetaka kuua waumini katika sinagogi la Halle mwaka 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu takatifu kuliko zote za Wayahudi, alikuwa Mjerumani mzawa wa mrengo mkali wa kulia. Mlango ulimshinda, akaua watu wawili nje. Kuitupia chuki yote kwa mgeni ni njia rahisi ya kujisafisha.

Upande mwingine, kumbukumbu imegeuka mtihani, na Wayahudi wenyewe wamefelishwa. Desemba 2023 mwandishi Masha Gessen, ambaye ukoo wake ulipoteza watu katika mauaji ya Wanazi, alikaribia kunyimwa tuzo yenye jina la mwanafikra Myahudi Hannah Arendt kwa sababu alilinganisha Gaza na mageto, mitaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Mtu anaweza kuupinga ulinganisho huo kwa hoja nzito. Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani, kwa mfano, hutaka msimamo mkali zaidi wa dola. Wayahudi hawana sauti moja, na serikali inayoteua sauti moja kati yao inajirahisishia kazi.

Mjadala huu umeigusa Afrika pia. Mwaka 2020 mwanafikra Achille Mbembe wa Kamerun, aliyealikwa kufungua tamasha la Ruhr, alishutumiwa kwamba anayapunguzia uzito mauaji ya Wayahudi. Mwaka 1986 waliotaka kuyalinganisha mauaji hayo na mengine walikuwa wahafidhina kama mwanahistoria Ernst Nolte, waliotafuta kuipunguza hatia. Mwanafalsafa Jürgen Habermas akawapinga. Safari hii waliolinganisha walitaka hatia ipanuliwe, iwafikie Waherero na Wanama waliouawa Namibia kati ya 1904 na 1908. Hayo ni makundi mawili yenye nia tofauti kabisa, na nadhani kosa kubwa la mjadala wa Kijerumani ni kuyatendea kama moja. Kukumbuka Namibia hakuondoi hata jina moja kwenye orodha ya wafu wa Auschwitz.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, alikonyongwa Nduna Songea Mbano mwaka 1906, akaomba msamaha kwa ukatili wa Vita vya Majimaji. Aliahidi kurudi na simulizi hizo kwao ili Wajerumani wengi zaidi wazijue. Itabidi ziingie katika vitabu vya shule vilevile vinavyofundisha kuhusu Auschwitz.