Je, wajua kwa nini binti mwenye akili sana huchelewa kuitikia salamu?

Binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu hapa Dodoma wakati anasubiri matokeo ya form four. Ana miaka 17, ukimpa hesabu ngumu anakaa nayo sakafuni na kipande cha penseli mpaka itii, lakini akiingia mgeni sebuleni ni kama umeme umekatika. Jioni moja akapita mama mmoja wa jumuiya yetu, akamuuliza, "Habari za shule mwanangu?" Kimya. Mama akasubiri kidogo akaendelea, "Baba naye hajambo?" Hapo ndipo binti akafungua mdomo: "Hesabu zinaenda vizuri, ila kemia tulikosa maji maabara karibu muhula mzima." Mama akanitazama mimi. Nilipomsindikiza, tukiwa getini akaniambia taratibu, "Dada, huyu mtoto anaringa."

Na mimi nikakubali. Nikamkalisha chini, nikamwambia mwanangu watu wanakuuliza habari unawanyamazia, hiyo ni dharau. Akaniangalia akasema, "Shangazi, nilikuwa najibu." Sikumwelewa, nikaona ni ubishi wa umri. Sasa nimesoma kidogo kuhusu namna mazungumzo yanavyofanya kazi na naona alikuwa anasema ukweli mtupu, alikuwa anajibu, jibu tu halikuwa limefika.

Kabla ya kufika huko lazima niondoe kwanza kitu ambacho watu wengi wanakiamini na mimi nilikiamini, kwamba akili ikizidi darasani inapungua kwa watu. Unasikia, "Hao wa namna hiyo wote wako hivyo, vitabu vimewamaliza," kana kwamba mtu anazaliwa na debe moja la akili, akimimina nyingi kwenye fizikia haibaki ya kusalimia. Jambo hili lilishaangaliwa zamani sana. Mwaka 1921 huko California, Marekani, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana kwenye vipimo vya akili, na wakati huo watu walitegemea angekuta watoto dhaifu, wagonjwa wagonjwa, wasio na marafiki. Hakukuta hivyo. Kwa wastani walikuwa wanaendelea vizuri tu, kiafya na kijamii, kama wenzao au hata zaidi.

Ila matokeo hayo nayo yana tundu. Watoto wengi wa Terman walianza kwa kutajwa na walimu wao, ndipo wakapimwa, na mwalimu akiambiwa ataje mtoto mwenye akili anamtaja nani? Anamtaja anayenyoosha mkono, anayeongea vizuri, anayemtazama usoni. Yule wa dawati la nyuma anayejibu dakika moja baada ya swali kupita inawezekana hakutajwa kabisa. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba akili nyingi haileti ububu, lakini hatuwezi kusema mabinti wa aina ya huyu wangu hawapo.

Mwenzake Terman wa zama hizo, Leta Hollingworth wa New York, aliwaangalia wachache waliokuwa juu mno, watoto 12 tu, akaona upweke mwingi, na alieleza kwamba shida kubwa ni kukosa mtu wa kasi yao wa kuzungumza naye. Watoto 12 ni wachache, huwezi kujengea nyumba juu yao. Hata hivyo hoja yake inaingia akilini, maana mtoto anajifunza kupiga stori kwa kupiga stori, na asipopata wa kupiga naye mazoezi yanakuwa haba. Nadhani ndio maana wengine wanachangamka sana wakikutana na wenzao kwenye shule za vipaji maalumu kama Msalato, ile ya wasichana iliyopo hapa hapa Dodoma.

Sasa turudi sebuleni, kwenye ule ukimya.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha vipimo vya mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za mabara mbalimbali, wakapima muda unaopita kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Wastani wake ni kama milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, kama kupepesa jicho. Wajapani walikuwa wa haraka kuliko wote, karibu hakuna nafasi kabisa, Wadenmark walikuwa wa polepole kuliko wote na hata wao hawakufika nusu sekunde. (Kiswahili hakikuwemo, lugha ya Afrika ilikuwa moja tu, ya Namibia, kwa hiyo usichukue namba hiyo kama kipimo chetu kamili.)

Lakini kuna kipimo kingine, na hiki ndicho kilinifanya nisimame jikoni na mwiko mkononi. Ukimwonyesha mtu picha ya kitu rahisi, tuseme kuku, ukamwambia ataje jina, anahitaji kama milisekunde 600 tangu aione mpaka sauti ianze kutoka. Neno moja tu hilo! Sentensi nzima, hata fupi, inaweza kufika sekunde moja na nusu. Hebu weka hizo namba pamoja: kuandaa neno moja kunachukua 600, nafasi unayopewa ni 200. Haiwezekani, labda uwe umeanza kuandaa jibu kabla mwenzako hajamaliza kuuliza. Na ndivyo sote tunavyofanya kila siku bila kujua, tunasikiliza nusu, tunabashiri swali litaishia wapi, tunaandaa jibu huku tunaendelea kusikiliza.

Ni kama kushuka daladala. Umepanda ya Nkuhungu, unataka kushuka kituo fulani, ukisubiri mpaka ukione kituo dirishani ndipo useme "shusha", konda atakuangalia tu, umeshapita. Mzoefu anasema "shusha" wakati kituo bado hakijaonekana, kwa sababu kuna ule mti, kuna ile duka la rangi ya bluu, anajua baada ya hapo ni wapi. Mgeni wa mji ana macho mazuri tu na miguu mizuri tu, ila anasubiri kuona kwanza. Au mdako, mnaokumbuka: ukirusha kete juu hungoji ianze kushuka ndio uanze kukomba zile za shimoni, mkono unakuwa umeshaondoka.

Sasa chukua salamu zetu. Habari za nyumbani, nzuri, za kazi, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, mvua huko imenyesha? Kwa mzoefu hayo majibu hayatengenezwi, yako mdomoni tayari, unasema "nzuri" hata kama jino linakuuma, na hakuna anayekuita mwongo kwa sababu wote mnajua kwamba hapo hamjaulizana habari, mmeshikana mkono kwa maneno. Binti yangu alikuwa analichukulia kila swali kama swali. Habari za shule? Zipi, za masomo au za chakula au za walimu, na zipi ni kweli zaidi? Anasikiliza mpaka mwisho, anatafuta jibu lililo sahihi, analipanga, na akili ile ile inayompatia A inamchelewesha, kwa sababu kwenye mtihani hakuna anayehesabu sehemu za sekunde.

Na anayesubiri upande wa pili hausikii ukimya kama ukimya. Watu waliosikilizishwa mazungumzo ambayo jibu lake limecheleweshwa kidogo walimwona mjibuji kama mtu asiyetaka kukubali, maneno yakiwa ni yale yale. Kwa hiyo mama wa jumuiya hakuwa na roho mbaya, sikio lake lilifanya kazi yake ya kawaida. Binti akishaona uso wa mgeni umebadilika anaanza kujichunga mwenyewe, mikono niiweke wapi, nimekosea nini, na hiyo ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, jibu linachelewa zaidi.

Kuunganisha vipimo hivi na binti mmoja ni mimi nimefanya, na sio kila mkimya yuko hivi. Wengine ni haya ya kawaida, wengine ni usonji (autism), ambao kwa wasichana mara nyingi hutambuliwa kwa kuchelewa kuliko kwa wavulana, na huo unahitaji mtaalamu, sio shangazi.

Nilimweleza zile namba tukiwa tunachambua mlenda. Akaacha mikono hewani. "Kwa hiyo wote wanaanza kabla?" Ndio. "Na hamkuwahi kuniambia?" Nikamwambia hatukujua mwanangu, hakuna aliyetufundisha na sisi. Nikamwomba radhi kwa lile neno la dharau. Wiki nzima akawa anasikiliza watu, kwenye daladala, gengeni, kwenye redio, anahesabu kwa kidole gotini.

Jumamosi mzee wa jirani alipita na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, kama kawaida, sote tukaitikia, akamgeukia: "Habari za—" "Nzuri babu, shikamoo." Alimkatiza kabisa, mzee akacheka akasema marahaba, akaendelea na njia yake. Binti akasimama. Halafu akatoka nje ya geti akamfuata, akamkuta amefika kwenye mbuyu, nikawa namsikia anamwambia habari zenyewe sasa, za matokeo anayoyaogopa, na mzee amesimama na fimbo yake anasikiliza.