Kivumbasi dirishani na mbu

Katika baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi, kivumbasi hupandwa chini ya dirisha kwa imani kwamba mmea huo, ukiwa umesimama tu, hufukuza mbu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: majani yake yana mafuta ambayo mbu hawayapendi. Ila mafuta hayo yamefungiwa kwenye vijifuko vidogo juu ya jani, na hutoka kwa wingi jani likipondwa au likichomwa. Pima mwenyewe. Usiku usio na upepo, simama hatua mbili kutoka kwenye kichaka, nusa. Kisha fikicha jani moja, nusa tena. Chandarua kibaki palepale.

Kinachotakiwa basi ni majani mengi na teketeke, na hapo ndipo wengi huuacha mmea ujilee kwa kuwa ni wa porini. Ukishazaa mbegu, majani hupungua na shina hukakamaa kama kuni. Pogoa theluthi ya juu kabla maua hayajafunguka. Usishuke hadi kwenye tawi kavu lisilo na jani, maana halichipui kirahisi. Vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, vikiondolewa majani ya chini, chomeka kivulini mvua za Desemba zikianza. Huota mizizi kwa wiki mbili au tatu. Kichanga cha pwani kinaufaa. Kuanzia Juni mwagilia mara mbili kwa wiki, utandaze nyasi kavu, ila zisiguse shina: huliozesha.