Je, wajua maji yasiyochemka yanaweza kuzungusha turbaini, gurudumu linaloendesha mtambo wa umeme?

Karibu na Mto Songwe, si mbali na Mbeya mjini, kuna chemchemi za maji moto. Nyingine ziko kwenye miteremko ya Rungwe kuelekea Kyela. Anayeziona mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: moto wote huu, mbona hautupi umeme?

Joto lenyewe lina asili yake. Hapa Mbeya ndipo matawi mawili ya Bonde la Ufa, la mashariki na la magharibi, yanapokutana. Ardhi imepasuka, miamba ya moto imepanda juu, na volkano ya Kiejo ililipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800, jambo la jana tu kwa umri wa dunia.

Wenzetu wa Kenya wamezalisha umeme wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, huko Olkaria tangu 1981. Kule visima hutoa mvuke wenye nguvu, nao husukuma turbaini moja kwa moja. Chemchemi zetu hazitoi mvuke wa namna hiyo. Ndiyo maana Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC) inayafuatilia maeneo ya Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe, kwa kuwa chini zaidi huenda kuna joto kubwa. Tatizo ni kuchoronga. Kisima kirefu hugharimu mamilioni ya dola, na unaweza kufika chini ukakuta joto halitoshi.

Hapo ndipo utafiti wa miongo ya karibuni unaponivutia. Sehemu yake imeacha kusubiri mvuke mkali, ikauliza namna ya kutumia joto dogo. Maji ya moto hupitishwa kwenye mabomba yanayogusana na kimiminika kingine kinachochemka upesi; pentani, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi joto 36 tu. Mvuke wa kimiminika hicho ndio unaozungusha turbaini, kisha hupozwa na kurudi kuwa kimiminika, huku maji yakirudishwa ardhini. Mwaka 2006, huko Chena, Alaska, walianza kuzalisha umeme kwa maji ya nyuzi 74. Mtambo wao ulitokana na mashine za kupozea hewa za majengo makubwa, ukaendeshwa kinyume: badala ya kula umeme ili kuhamisha joto, unapokea joto na kutoa umeme. Ubunifu wake ulikuwa kutumia vipuri ambavyo viwanda vilikwishazoea kuvitengeneza, na hilo lilishusha gharama.

Ukweli usemwe: mtambo wa Chena hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto kuwa umeme. Unachohitaji zaidi ni tofauti kati ya moto na baridi, na Chena wana maji baridi sana ya kupozea. Baridi ya Rungwe haifikii ile, lakini ni msaada ambao nchi ya joto ya pwani haina.

Mimi ningeanza na joto lenyewe kabla ya umeme. Maua ya pareto hukaushwa kwa joto la wastani, kwani likizidi huharibu ile sumu ya kuulia wadudu ambayo mnunuzi anailipia. Viwanda vya chai navyo huchoma kuni kwa wingi, ilhali kunyausha majani mabichi kunahitaji hewa ya uvuguvugu tu. Kazi hizo hazidai turbaini wala kisima cha kilomita mbili: zinadai bomba, pampu, feni, na shamba lisilo mbali na chemchemi.