Je, wajua kwa nini bafu la Kituruki la Waingereza halikuwa na mvuke?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bafu la Kituruki ni chumba kilichojaa mvuke mzito kiasi cha mtu kutomwona mwenzake, na katikati kuna bwawa la maji moto. Nilikosea kote kuwili.

Nianze na bwawa. Katika hamamu za Istanbul, kama ile ya Çemberlitaş iliyojengwa mwaka 1584, watu huoga maji yanayotiririka. Mtu hukaa kando ya kurna, beseni la marumaru lililoshikana na ukuta, akachota kwa bakuli na kujimwagia. Pale katikati nilipodhani pana bwawa pana jukwaa la marumaru lenye moto, göbektaşı, yaani jiwe la kitovu. Unalala juu yake hadi jasho likutoke, kisha mhudumu anakusugua kwa kese, glovu ya kitambaa cha kukwaruza, na ngozi iliyokufa inatoka nyuzinyuzi. Unyevu upo, kwa kuwa maji yanamwagika kwenye sakafu ya moto, lakini kinachokutoa jasho hasa ni lile jiwe.

Moto wenyewe huuoni. Sakafu imeinuliwa juu ya nguzo fupi kama chungu juu ya mafiga; kuni zinawaka kando, moshi wa moto unapita chini ya sakafu na kupanda ndani ya kuta. Ufundi huo ni wa Warumi, ukarithiwa na Waarabu, kisha Waturuki. Uwazi ulio chini ya sakafu Waturuki wanauita cehennemlik, na Mswahili ataisikia jehanamu humo. Neno hamamu nalo latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya joto, uleule uliotupa neno homa.

Sasa mvuke. Mwanadiplomasia wa Uskoti, David Urquhart, alizisifu hamamu katika kitabu chake cha mwaka 1850. Daktari Richard Barter wa Ireland akavutiwa, na mwaka 1856 wakajenga bafu lao St Ann's, karibu na Blarney. Barter alitaka joto kali kuliko la Istanbul. Penye unyevu mwili haulivumilii, kwa hiyo akaikausha hewa. Mabafu ya Kituruki yaliyoenea Uingereza baada ya hapo yalifuata njia hiyo ya hewa kavu, na vyumba vyake vya moto zaidi vilipita nyuzi 70 za Selsiasi.

Mtu anawezaje kukaa humo asiungue? Fikiria mtungi wa udongo. Maji yanapenya kidogo hadi nje, yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi. Jasho linaifanyia ngozi kazi hiyohiyo, ila linahitaji hewa ya kulipokea. Hewa ni kama kitambaa cha kufutia meza: kikiwa kikavu kinanyonya, kikishalowa kinayasukuma maji tu huku na huko. Aliyehama Dodoma kwenda Dar es Salaam mwezi wa Machi anaifahamu tofauti hiyo. Tena hewa ya moto ikishiba unyevu, mvuke hugeuka maji juu ya ngozi na kuiachia joto lake lote. Unaweza kuingiza mkono upesi katika tanuri la mkate lenye nyuzi 200 na kuutoa salama, lakini mvuke wa sufuria ya wali, ambao hauzidi nusu yake, unakubabua papo hapo.

Madaktari wa zama zile waliliagiza bafu hilo kwa jongo na maradhi mengine mengi. Hapo tahadhari inahitajika kwa anayedhani kwamba jasho husafisha mwili sumu: jasho karibu lote ni maji na chumvi, na kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo.

Kinachonivutia zaidi ni jina. Wajerumani waliupokea uvumbuzi wa Barter wakauita bafu la Kiayalandi na Kirumi, na bafu la Friedrichsbad mjini Baden-Baden, lililofunguliwa mwaka 1877, linauendeleza hadi leo. Jina linamtaja aliyekuletea kitu, kama sisi tunavyosema pilipili manga, Manga ikiwa Arabuni, ingawa asili ya zao hilo ni India.

Ndivyo ilivyokuwa Unguja pia. Mabafu ya umma aliyoyajenga Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, yanaitwa ya Kiajemi kwa sababu aliyeyajenga, Haji Ghulam Hussein, alikuwa Mwajemi. Siku hizi hakuna anayeoga humo. Wageni hupita kuyatazama, na mtaa unaoyazunguka bado unaitwa Hamamni.