Dume na jike kwa Kiingereza: tuliyokariri na yaliyo kweli

Jedwali la madume na majike ni miongoni mwa mambo ya mwanzo anayokariri mtu anayejifunza Kiingereza. Safu hii 'bull', safu ile 'cow'. Huku 'ram', kule 'ewe'. Jedwali lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba linamwachia mtu imani kuwa kila mnyama ana majina mawili tu, na kuwa kinachoyatenganisha ni jinsia peke yake. Nimehariri tafsiri za habari za mifugo kwa muda mrefu, na makosa mengi ninayoyasahihisha yameanzia hapo. Kinachonisikitisha ni kuwa mengi yangeepukika kama mfasiri angeukumbuka msamiati wa mfugaji ulio katika Kiswahili chake mwenyewe, kwa sababu mipaka yake inakaribiana sana na ile ya Kiingereza.

"'Cow' maana yake ni ng'ombe"

Katika mazungumzo ya kila siku ni sawa. Mwingereza akiona kundi malishoni atasema 'cows' bila kujali nani dume na nani jike. Lakini kwa mfugaji, daktari wa mifugo au mnadani, 'cow' ni ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa. Huyo sisi tunamwita mbuguma. Jike ambaye bado hajazaa ni 'heifer', naye pia tuna jina lake: mtamba. Mara nyingi nakuta mtamba amegeuzwa 'young cow'. Msomaji wa kawaida ataelewa, ila mnunuzi atabaki akijiuliza kama mnyama huyo ameshazaa au la, ilhali 'heifer' lingemjibu pale pale. Wapo wafugaji wanaoendelea kumwita 'heifer' hata baada ya uzao wa kwanza, mpaka apate ndama wa pili, lakini hapo kwa kawaida wataongeza maelezo.

Upande wa madume mtego ni mkubwa zaidi. 'Bull' ni fahali, dume kamili wa mbegu. Akihasiwa, jina hilo linamtoka. Akihasiwa angali mdogo ili anenepeshwe kwa ajili ya nyama, Marekani atakuwa 'steer', na Uingereza utasikia 'steer' na 'bullock' yote mawili. Akifunzwa kuvuta plau au mkokoteni, anakuwa 'ox'. Kwetu hao wote ni maksai. Kwa hiyo neno maksai halitafsiriki mpaka ujue kama mnyama huyo analishwa achinjwe au anafungwa nira. Kuandika 'bull' mahali pa maksai si suala la mtindo. Msomaji ataamini kuna dume la kupandisha wakati halipo, na kwenye taarifa ya ufugaji hilo ni kosa linaloharibu habari nzima.

Wingi wa 'ox' ni 'oxen', mabaki ya njia ya zamani ya kuunda wingi ambayo tunaiona pia katika 'children'. Jina la jumla, 'cattle', ni la wingi siku zote: 'the cattle are grazing', kamwe si 'is', wala hakuna 'a cattle'. Kama ni kuhesabu, husemwa 'twenty head of cattle', na 'head' hapo haiongezwi s. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawaelezwi ni kwamba Kiingereza cha kawaida kinakosa neno la umoja la ng'ombe ambaye jinsia yake haijulikani. Ndiyo sababu 'cow' limebebeshwa kazi hiyo mitaani, na ndiyo sababu lina maana mbili, moja pana na moja finyu. Mfasiri hana budi kujua anasimama kwenye ipi.

"Kwa kuku, 'cock' na 'hen' yanatosha"

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko jedwali lolote. Jogoo ni 'cock'. Pora, yule ambaye bado hajaanza kuwika sawasawa, ni 'cockerel'. Tetea ni 'hen'. Tembe, ambaye hajaanza kutaga, ni 'pullet'. Kifaranga, awe wa kike au wa kiume, ni 'chick'. Mipaka ya umri haitalingana kwa siku na wiki, maana wafugaji wa Kiingereza huhesabu 'cockerel' na 'pullet' kuwa ndege walio chini ya mwaka mmoja, lakini hakuna jozi nyingine zinazokaribiana zaidi. Anayetangaza kuuza matembe akaandika 'hens' amewaambia wateja kwamba kuku wake wameshakuwa wakubwa.

Halafu lipo neno 'rooster'. Wengi hudhani ni aina nyingine ya kuku. Ni jogoo yule yule, kwa Kiingereza cha Marekani, kutokana na kitenzi 'roost', yaani ndege kutua na kulala juu ya kijiti. Lilishika nafasi yake tangu karne ya 18, kwa kuwa 'cock' lilikuwa limepata maana nyingine ya mtaani, jina chafu la uume. Uingereza bado wanaendelea na 'cock' na 'cockerel' bila haya. Ukiwaandikia wasomaji wa kila pembe, 'rooster' ni salama: Mwingereza atalielewa, na Mmarekani hatashtuka.

"Kila mnyama ana jina lake la dume na la jike"

Wengi hawana. Kiingereza kilitoa majina maalumu kwa wanyama waliofugwa na waliowindwa, kwa sababu hao ndio ambao tofauti ya dume na jike ilibadilisha bei au kazi. Waliobaki huazima. 'Bull' na 'cow' hutumika kwa tembo, nyangumi, twiga, kifaru, kiboko, na hata mamba. 'A bull elephant' si mseto wa tembo na ng'ombe, kama nilivyowahi kukuta katika tafsiri moja. Ni tembo dume tu, na wingi wake ni 'bull elephants'. Pundamilia huazima majina ya farasi, 'stallion' na 'mare'. Sungura ni 'buck' na 'doe', na maneno hayo hayo yanawafaa aina nyingi za paa.

Pasipo na neno la kuazima, 'male' na 'female' yanatosha kabisa: 'a male hyena', 'a female python'. Angalia mpangilio. Sisi tunaanza na mnyama, fisi dume. Wao wanaanza na jinsia. 'Hyena male' husikika sana kwa wanafunzi wetu na chanzo chake ni Kiswahili. Chanzo cha 'man goat' na 'lady dog' pia si kigeni, lakini katika Kiingereza 'man' na 'lady' ni vya binadamu.

Mbuzi anastahili maneno machache zaidi. Dume ni 'billy', jike ni 'nanny', katika mazungumzo. Wafugaji wa kisasa, hasa wa Marekani, hupendelea 'buck' na 'doe'. 'He-goat' na 'she-goat' ni ya kale. Yamo katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, na yanaeleweka hadi leo, ila yananukia vitabu vya zamani. Neno letu beberu linataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwenye habari za siasa mabeberu ni wale wanaotawala nchi za wengine, na hapo 'billy goats' haihusiki. Dume aliyehasiwa, awe mbuzi au kondoo, ni 'wether', linalotamkwa sawa na 'weather' ya hali ya hewa. Na kwa kuwa tumefika kwa kondoo: 'ewe' hutamkwa kama 'you'. Nimewasikia walimu wakilitamka silabi kwa silabi, na wanafunzi wao wakalichukua hivyo.

Wazungumzaji wazawa wenyewe hawayajui yote. Muulize mtu wa mjini, aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, 'gilt' ni nani, na huenda asikwambie kuwa ni nguruwe jike ambaye hajazaa. Hayo ni maneno ya kazi. Anayehitaji kuyajua ni yule anayeandika au kufasiri kuhusu kazi hiyo.

"Ongeza '-ess' upate jike"

'Lioness', 'tigress', na kwa nadra 'leopardess'. Orodha inakaribia kuishia hapo. Kiambishi hicho kilitoka Kifaransa na hakikuenea kwa wanyama wengine, kwa hiyo 'elephantess' na 'wolfess' si Kiingereza mtu anachokizungumza. Mbwa mwitu jike ni 'she-wolf'. Mbweha jike ana neno la peke yake, 'vixen', na hili nalipenda kwa historia yake. Sauti ya v imetoka lahaja za kusini mwa Uingereza, ambako f ya mwanzo wa neno iligeuka v, na kile '-en' cha mwisho ni kiambishi cha kale cha jike ambacho hakikusalia katika neno jingine lolote la leo.

Kwa kuwa tunazungumzia asili, 'female' halikuundwa kwa kuongeza kitu mbele ya 'male'. Ni maneno mawili yasiyo na undugu. 'Female' limetoka Kilatini 'femella' kwa kupitia Kifaransa 'femelle'. 'Male' limetoka 'masculus'. Waingereza wa karne ya 14 waliyaona yakikaa pamoja, wakabadilisha mwisho wa la kwanza ufanane na la pili.

"Dume ni 'drone', jike ni 'bee'"

Jozi hii inachapishwa tena na tena, nayo ni kosa. 'Bee' ni nyuki yeyote. Katika mzinga, 'drone' ndiye dume, 'queen' ni malkia, na vibarua wanaojaza sega, yaani 'workers', wote ni majike. Drone hana mwiba. Nyuki wa asali aliyekuuma ni 'she' bila shaka yoyote.

"Jina la jumla halina jinsia"

Kuna majina ya jumla ambayo pia ni ya upande mmoja. 'Dog' ni mbwa yeyote, lakini kwa wafugaji wa mbwa ni dume. 'Duck' ni bata yeyote, na pia ni jike, kwani dume ni 'drake'. 'Goose' vilevile, na dume lake ni 'gander'. Mbwa jike ni 'bitch', neno halali kliniki na kwa wafugaji, na tusi zito kwa mwanamke kwingine kote. Usilitumie kwa mbwa wa mtu usiyemzoea. 'Female dog' halijawahi kumkosea mtu.

"'Cow' ni neno la kike, kwa hiyo lazima liwe 'she'"

Zamani nomino za Kiingereza zilikuwa na jinsia kweli. Kiingereza cha Kale kilikuwa nazo tatu, na hazikufuata maumbile: 'wif', neno lililomaanisha mwanamke, halikuwa la kike wala la kiume. Mfumo huo ulikufa katika Zama za Kati. Leo nomino haibadilishi kivumishi wala kitenzi kwa sababu ya jinsia, na kilichobaki ni viwakilishi tu: 'he', 'she', 'it'. Uchaguzi wake hauongozwi na nomino, unaongozwa na anachokijua msemaji na ukaribu wake na mnyama. Paka aliyekatiza njia ni 'it'. Paka wako mwenye jina ni 'he' au 'she', na kumwita 'it' mbele yako kunaweza kukukera. Mkamuaji atasema 'she' kwa ng'ombe wake, na mtafiti anayemfuatilia tembo mmoja kwa miaka atafanya hivyo hivyo.

Hapa ndipo Kiswahili, kilichotusaidia mpaka sasa, kinapotuponza. Kiambishi a- katika "aliugua" hakisemi dume wala jike, na kinamweka mnyama katika ngeli moja na mtu. Tukivuka kwenda Kiingereza tunaokota kiwakilishi kilicho karibu na mkono. Chukua sentensi hii: 'The cow lost its calf. He was very sick.' Mwandishi alimaanisha mama ndiye aliyeugua. Msomaji, akishajua 'cow' ni jike, atamhamishia 'he' yule ndama, na ataondoka akiamini kuwa ndama alikuwa dume na alikufa kwa ugonjwa. Herufi mbili zimebadilisha jinsia na mgonjwa.

Ukishachagua, shikilia hadi mwisho wa habari, pamoja na viunganishi vyake. Mnyama wa 'he' au 'she' huenda na 'who', wa 'it' huenda na 'which' au 'that'. 'The mare, who lost her foal' inasimama vizuri, na 'the mare, which lost its foal' nayo inasimama. 'The mare, which lost her foal' inasikika kana kwamba mwandishi alibadili mawazo katikati ya sentensi.