Kilomita 21 za kwanza: maswali na majibu kwa wanaoanza mbio Kampala

Mbio za marathoni za Kampala hufanyika mwezi wa Novemba, na nusu yake, yaani kilomita 21 na mita 97, ndiyo inayowavuta watu wengi waliochoka na kilomita 10. Haya ni maswali ambayo wakimbiaji wapya huuliza mara kwa mara.

Naweza kukimbia kilomita 5. Nijiandae kwa muda gani?

Wiki 12 hadi 16. Kwa mbio za Novemba, anza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, si baada ya kupokea fulana yako ya mashindano. Siku 3 au 4 kwa wiki zinatosha. Moja kati ya hizo iwe ya mbio ndefu, ambayo unaiongezea kilomita 1 au 2 kila wiki, na kila wiki ya nne unaipunguza ili mwili upumzike. Ukifika kilomita 16 au 18 usiendelee kuongeza. Zilizobaki utazimaliza siku yenyewe. Siku 10 za mwisho kimbia kidogo tu, hata kama miguu inawasha kwa hamu.

Nikimbie kwa kasi gani?

Kasi ya kupiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Jacob Kiplimo, kijana wetu wa huko Elgon, alikimbia umbali huu Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31, chini ya dakika 3 kwa kila kilomita. Hayo tumwachie yeye. Anayeanza akimaliza kwa saa 2 na nusu au hata 3 amefanya kazi kubwa, na kutembea dakika moja kila baada ya muda si kosa wala aibu.

Wiki ya sita sasa, pumzi imekuwa nzuri ajabu, lakini muundi, mfupa wa mbele wa mguu, unauma. Kwa nini?

Kwa sababu pumzi inatangulia na mifupa inachelewa. Damu huanza kuongezeka ndani ya wiki mbili za mazoezi, na moyo nao huzoea ndani ya wiki chache. Kano, zinazoshikisha msuli kwenye mfupa, hazipati damu nyingi, kwa hiyo zinahitaji miezi. Mfupa una tabia yake: kabla ya kujenga sehemu mpya huondoa kwanza ile iliyochoka, na katika kipindi hicho huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Basi siku unapojisikia simba ndiyo siku ya kujihadhari, maana unaongeza kasi na umbali wakati mfupa bado uko kwenye matengenezo.

Maumivu yaliyosambaa kwenye muundi na yanayopungua ukishapata joto, yapunguzie kilomita kwa wiki moja au mbili. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayokuamsha usiku au yanayochoma ukiruka kwa mguu mmoja, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia kabisa ukaonane na daktari. Maumivu ya namna hiyo hayakimbiwi mpaka yaishe.

Na vilima vyetu vina lawama yake. Watu huogopa kupanda Kololo au Muyenga, kumbe kuteremka ndiko kunakoumiza zaidi: msuli wa paja unavutwa huku unafunga breki. Teremka kwa hatua fupi, usijiachie.

Viatu vya mitumba vya soko la Owino vinafaa?

Vinafaa, mradi uvikague. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa. Viweke mezani uone kama vimelala upande. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usivivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Alfajiri au jioni?

Alfajiri kuna baridi, na jua halijakuwa kali. Lakini hewa ya Kampala huchafuka sana asubuhi magari yanapoanza na tena jioni. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, huonyesha uchafu wa hewa mtaa kwa mtaa, na ni vyema kuvitazama. Njia ya kati ni kutoka mapema kabla ya foleni na kukaa mbali na barabara kuu. Vaa nguo inayong'aa na kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, maana bodaboda isiyo na taa haibishi hodi.

Nile na ninywe nini?

Chakula chako cha kila siku kinatosha: matoke, posho, wali, viazi. Asubuhi ya mashindano kula zikiwa zimebaki saa 2 au 3 kabla ya kuanza, kitu chepesi ulichokijaribu mazoezini, kwa mfano mkate na chai ya sukari au uji. Maharage, karanga na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) yenye mafuta viache mpaka umalize, la sivyo utatafuta choo kabla ya kilomita ya 10.

Ukikimbia zaidi ya saa moja na nusu, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Bogoya, yaani ndizi mbivu, moja ina karibu gramu 25. Maji, kunywa kwa kiu. Kujaza tumbo maji kila kituo kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa au kuzimia, na wanaokimbia polepole ndio huathirika zaidi kwa kuwa wana muda mrefu wa kunywa.

Nimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kuanza, kama kinga?

Hapana. Dawa hiyo na aibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na wewe tayari umepungukiwa maji kwa jasho. Isitoshe, zinaficha maumivu uliyotakiwa kuyasikia.

Nimetoka kuugua malaria, mbio ziko wiki ijayo.

Ukiwa na homa, hukimbii. Homa ikiisha na dozi ikikamilika, subiri nguvu zirudi, kwani malaria hula damu. Ukihema kwa kupanda ngazi tu, ahirisha. Mbio nyingine zitakuja.

Nina kinasaba kimoja cha selimundu (sikoseli), ila si mgonjwa. Niache?

Usiache, lakini lijue hilo. Upimaji wa watoto wachanga wa miaka ya 2014 na 2015 ulikuta karibu asilimia 13 ya watoto wa Uganda wana kinasaba hicho, na wengi hukua bila kujua. Kwa kawaida hakisumbui. Hatari huja ukijisukuma ghafla kwa kasi kubwa kwenye joto bila maji: misuli huweza kuharibika vibaya. Ongeza kidogo kidogo, usikimbie ukiwa mgonjwa, na ukisikia miguu au mgongo umelegea na kuuma isivyo kawaida, simama hapo hapo. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asianze bila daktari wake.

Nani mwingine amwone daktari kwanza?

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, mjamzito, na yeyote ambaye ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana. Siku ya mashindano, maumivu ya kifua au kizunguzungu maana yake ni kusimama na kuita msaada. Ukimwona mwenzako anayumba na kuongea ovyo huku mwili unawaka, mpeleke kivulini, mmwagie maji mengi, mumpepee, na watu wa huduma ya kwanza waitwe mara moja.

Na baada ya kumaliza?

Usikae chini papo hapo. Tembea, kunywa, kula. Misuli itauma zaidi siku ya pili, hilo ni la kawaida. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi si wa kawaida: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzika wiki moja bila kukimbia. Kucha ya kidole gumba ikigeuka nyeusi, usiing'oe. Itadondoka yenyewe na nyingine itaota baada ya miezi.